Umeme Uliobisha Hodi

Simu ya mezani ya zamani, ile iliyofungwa kwa waya kutoka ukutani, haikuwa na plagi ya umeme. Umeme wa mtaa ulipokatika, taa zikazimika na friji likanyamaza, simu iliendelea kulia. Nguvu yake ilitoka kwenye kituo cha simu, mbali na nyumba, kupitia nyaya zilezile mbili za shaba zilizobeba sauti. Mtandao wa kompyuta ulipotaka kuchukua nafasi ya simu hiyo, mwishoni mwa karne ya 20, wahandisi walikuta kwamba sifa hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuirithi. Waliirithi baada ya miaka minne ya kubishana vikaoni. Kisa hicho kinafaa kusimuliwa taratibu, maana ugumu wake haukuwa pale ambapo mtu angeutarajia.

Simu nazo hazikuzaliwa na sifa hiyo. Alexander Graham Bell alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1876, na kwa muda mrefu baada ya hapo kila mwenye simu alitunza betri zake mwenyewe ndani ya kisanduku cha mbao ukutani. Zilikuwa betri za kemikali za majimaji, na zilikauka, zilivuja na kuchoka. Kila zilipochoka, kampuni ilimtuma mtu aende nyumba kwa nyumba kuzihudumia. Ili kumwita opereta, mpigaji alizungusha mkono wa dainamo ndogo iliyokuwa pembeni mwa kisanduku.

Hammond V. Hayes, mhandisi wa kampuni ya Bell mjini Boston, alifanya kazi ya kuziondoa betri hizo majumbani na kuweka moja kubwa kituoni, iwalishe wateja wote kwa pamoja. Mwaka 1893 mji mdogo wa Lexington, katika jimbo la Massachusetts, ulipata kituo cha namna hiyo. Tangu hapo, kuinua mkono wa simu kulitosha. Mkondo ulianza kupita, taa ikawaka mbele ya opereta, naye akajua kuna mtu anayetaka kusema.

Baada ya muda, volti 48 zikawa ndiyo desturi ya vituo vya simu. Hesabu yake ni nyepesi: seli moja ya betri ya risasi na asidi hutoa takribani volti 2, na seli 24 zikiunganishwa kwa mfuatano hufika 48. Kiasi hicho kinaweza kusukuma mkondo kwa kilomita kadhaa za waya mwembamba, na bado fundi akiugusa kwa mikono mikavu hatapata madhara makubwa. Wakaongeza busara nyingine ndogo: upande chanya wa betri uliunganishwa na ardhi, hivyo waya wa simu ukawa hasi kuilinganisha na ardhi. Kwa mpangilio huo, shaba iliyo kwenye udongo wenye unyevu huliwa polepole zaidi. Namba hii 48 tutaikuta tena mara nyingi.

Tuikute kwanza Norway, mwaka 1966. Shirika la utangazaji la nchi hiyo lilitaka maikrofoni mpya za transista kutoka kampuni ya Neumann ya Ujerumani, nazo zilihitaji umeme. Katika majira ya baridi ya kaskazini, ambako jua huonekana kwa saa chache tu, studio zilikuwa na taa za dharura zilizotumia volti 48, kwa hiyo volti hizo zilikuwapo tayari ndani ya jengo. Neumann ikatengeneza maikrofoni iliyopokea volti 48 kupitia nyaya zilezile zilizotoa sauti. Mbinu hiyo bado inatumika katika studio za redio na kumbi za muziki duniani kote.

Inafaa kuielewa mbinu yenyewe, kwa kuwa yote yanayofuata yanaitegemea. Sauti au data inapopita katika jozi ya nyaya, ujumbe haumo katika waya mmoja. Umo katika tofauti kati ya waya wa kwanza na wa pili. Ukiongeza volti 48 kwenye nyaya zote mbili kwa wakati mmoja, tofauti kati yao haibadiliki hata kidogo, na mpokeaji wa ujumbe haoni kitu. Umeme huingizwa katikati ya msokoto wa transfoma upande mmoja, ukagawanyika sawasawa kwenye nyaya mbili, na upande wa pili ukatolewa katikati ya transfoma nyingine. Katika nyaya za mtandao wa kompyuta, jozi ya pili hufanya kazi ya kurudisha mkondo. Wahandisi wa simu walilijua jambo hili tangu karne ya 19, walipoanza kupitisha mazungumzo matatu katika jozi mbili za nyaya.

Sasa tuje kwenye Ethernet, mtandao wa kompyuta unaopita katika waya. Mei 1973, Robert Metcalfe aliandika waraka wa kueleza mtandao huo katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, na akaujenga pamoja na David Boggs. Waya wao ulikuwa kebo nene ya koaksia iliyopita darini au chini ya sakafu, na kila kompyuta ilijiunga nayo kupitia kisanduku kidogo kilichobanwa juu ya kebo. Ethernet ilipotangazwa rasmi na kampuni za Digital, Intel na Xerox mwaka 1980, kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, kisanduku hicho hakikuwa na plagi. Kilipata volti 12 kutoka kwenye kompyuta yenyewe, kupitia kebo iliyoviunganisha. Kwa hiyo umeme na data vilisafiri pamoja katika Ethernet tangu utoto wake, ingawa kwa umbali mdogo tu.

Kisha vikatengana. Mwaka 1990 ulitolewa utaratibu mpya wa kupitisha Ethernet katika nyaya zilizosokotwa mbilimbili, za aina ile iliyotumika kwa simu za ofisini. Ulikuwa uamuzi mzuri, maana nyaya hizo ni rahisi, nyembamba na hupindika vizuri, na majengo mengi yalikuwa nazo tayari. Kebo ilikuwa na jozi nne. Ethernet ya megabiti 10, na baadaye ile ya megabiti 100 ya mwaka 1995, zilitumia mbili tu. Jozi mbili zilizobaki zilikaa bure ndani ya mamilioni ya kuta, na hakuna aliyepanga kuzipitishia umeme. Kompyuta ilikuwa na plagi yake, na hilo lilionekana kutosha.

Halikutosha tena pale vilipokuja vifaa viwili. Cha kwanza kilikuwa simu ya mtandao, inayogeuza sauti kuwa data. Cisco, kampuni kubwa ya vifaa vya mtandao, iliinunua Selsius Systems ya Texas mwaka 1998, nayo Selsius ilikuwa ikitengeneza simu za namna hiyo. Mnunuzi aliyeketi mezani na simu mpya aliona mara moja alichopoteza. Simu yake ya zamani ilihitaji waya mmoja, hii ilihitaji miwili. Ile ya zamani iliendelea kufanya kazi gizani, hii ilikufa pamoja na taa. Hospitali au kituo cha polisi kingewezaje kukubali hayo? Kifaa cha pili kilikuwa kile cha Wi-Fi, kilichoanza kuenea baada ya kiwango chake cha mwaka 1999. Mahali pake bora ni juu, darini, na darini hakuna soketi. Kuweka soketi huko kulihitaji fundi umeme mwenye leseni, bomba la kupitishia nyaya na kibali. Gharama hiyo mara nyingi ilizidi bei ya kifaa chenyewe.

Kampuni hazikungoja. PowerDsine ya Israeli, iliyoanzishwa mwaka 1994, ilianza kuuza visanduku vya kukaa kati ya swichi ya mtandao, yaani kisanduku kinachounganisha kebo zote za ofisi, na kifaa, vikiingiza umeme katika zile jozi zilizokuwa bure. Cisco ilitoa swichi zake zenye umeme mwaka 2000, kwa mbinu yake yenyewe. Wengine nao wakaja na zao. Simu ya kampuni moja haikuwaka kwenye swichi ya nyingine, na wakati mwingine ilikuwa hatari kujaribu.

Mwaka 1999 suala hilo lilifikishwa kwenye kamati ya 802.3 ya IEEE, chama cha wahandisi kinachotunza kanuni za Ethernet. Kikundi kilichoundwa kiliwakutanisha watu wa 3Com, Intel, PowerDsine, Nortel, Mitel, National Semiconductor, Cisco na wengineo, ambao wengi wao walishindana sokoni. Kupitisha umeme hakukuwasumbua sana, maana simu ilikwisha kuonyesha njia miaka mia moja kabla. Kilichowasumbua ni watu wa upande wa pili wa ukuta, wale ambao hawakuwa wameomba umeme.

Tufikirie hali ya ofisi ya wakati huo. Tundu la ukutani lilikuwa la aina moja, na mtu yeyote angeweza kuchomeka chochote: kompyuta ya mkononi, printa, mashine ya faksi, simu ya kawaida, hata kifaa cha mtandao wa aina nyingine kabisa. Swichi haikuweza kuona kilichochomekwa. Tena, ndani ya kompyuta nyingi, zile jozi zilizoonekana kuwa bure zilikuwa zimefungwa kwa vikinzani vidogo vya omu 75, ili kupunguza kelele za kielektroniki. Vifaa vilivyotengenezwa kwa uangalifu vilikuwa na kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu usipite humo, lakini si vyote vilivyokuwa nayo. Volti 48 zikiingia katika vikinzani viwili vya namna hiyo vilivyofuatana, joto linalotoka ni wati 15 na ushee, ndani ya vipande vidogo kuliko punje ya mchele. Vingeungua. Na mwenye kompyuta asingeelewa kamwe kwa nini waya wa mtandao umeichoma mashine yake.

Hapa ndipo kamati ilipofanya kazi ninayoiona kuwa bora kuliko zote katika historia hii. Iliamua kwamba umeme usiingie bila kubisha hodi. Na kama mgeni wa pwani anavyosimama nje ya mlango hadi asikie «karibu», chanzo cha umeme nacho kisimame hadi kijibiwe kwa namna isiyoweza kukosewa.

Jibu lililochaguliwa lilikuwa kitu rahisi kabisa: kikinzani cha omu 25,000. Kila kifaa kinachotaka umeme lazima kiwe nacho mlangoni. Swichi hupeleka kwanza volti chache, kati ya 2.8 na 10, na mkondo mdogo mno ambao hauwezi kudhuru chochote. Hupima mara mbili, kwa volti mbili tofauti, kisha huangalia mkondo umeongezeka kwa kiasi gani kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Sababu ya kupima mara mbili ni kwamba mlangoni mwa kifaa huwa pia na dayodi zinazokiwezesha kupokea umeme hata nyaya zikigeuzwa, na dayodi hizo hula sehemu ya volti. Tofauti ya vipimo viwili huliondoa kosa hilo. Ikiwa jibu linaangukia karibu na omu 25,000, umeme unaruhusiwa. Kompyuta yenye vikinzani vya omu 75 hujibu namba ndogo mno. Waya usiochomekwa popote haujibu kabisa. Vyote viwili huachwa kwa amani.

Kwa nini 25,000 na si namba nyingine? Kwa sababu ilikuwa mbali na chochote ambacho kingeweza kukutwa kwa bahati mbaya katika vifaa vilivyokuwapo tayari. Mbinu ya Cisco ilikuwa tofauti: swichi ilipeleka mawimbi katika jozi moja na kusikiliza kama yanarudi kupitia nyingine. Ilifanya kazi, na Cisco ilikuwa imekwisha kuuza vifaa vingi kwa mbinu hiyo. Hata hivyo kamati ilichagua kikinzani, sehemu ambayo kiwanda chochote kinaweza kuiweka kwa gharama ndogo sana. Swichi za Cisco zilizofuata zilibeba mbinu zote mbili.

Baada ya kuitikiwa, swichi huuliza swali la pili: unahitaji kiasi gani? Hupandisha volti hadi kati ya 15.5 na 20.5, na kifaa hujibu kwa kuvuta mkondo wa kiasi maalumu kinachotaja daraja lake. Kisha ndipo volti hupanda hadi 48 au karibu yake. Kazi ya ulinzi haiishii hapo, maana mtu anaweza kuichomoa simu na kuchomeka kompyuta mahali pale pale. Kwa hiyo swichi huendelea kuangalia. Mkondo ukishuka chini ya miliampea 10 kwa theluthi moja hivi ya sekunde, umeme unakatwa, na atakayefuata ataulizwa upya.

Namba za nguvu zenyewe zilitokana na shaba. Chanzo kinaruhusiwa kushuka hadi volti 44, na mkondo wa juu uliwekwa kuwa ampea 0.35. Zidisha, unapata wati 15.4. Kebo ndefu kuliko zote zinazoruhusiwa, ya mita 100, ilihesabiwa kuwa na ukinzani wa omu 20 kwenda na kurudi, nayo hula takribani wati 2.45 kwa joto. Kinachobaki upande wa kifaa ni wati 12.95. Namba hiyo inayoonekana ya ajabu kwenye karatasi za vifaa haikuokotwa hewani. Yeyote mwenye kalamu anaweza kuifikia mwenyewe.

Kiwango cha kamati, kilichoitwa 802.3af, kiliidhinishwa Juni 2003. Ndani ya miaka michache, simu za mtandao, kamera za ulinzi, vifaa vya Wi-Fi na visoma kadi vya milangoni vilikuwa vikinunuliwa bila adapta. Faida kubwa haikuwa tu kuokoa soketi. Betri za akiba ziliweza kukaa chumba kimoja, penye swichi, na simu na kamera za jengo zima zikaendelea kufanya kazi umeme ulipokatika. Betri moja kubwa kituoni, ile ya Lexington, ilikuwa imerudi kwa sura nyingine.

Wati 13 hazikutosha kwa muda mrefu. Kamera zinazogeuka huku na huku zina mota, na za nje katika nchi za baridi zina hita. Septemba 2009 kikaja kiwango cha pili, wati 30 kwenye chanzo na 25.5 kwenye kifaa. Kwetu Afrika Mashariki mwaka huo unakumbukwa kwa jambo jingine: Julai 2009 mkongo wa intaneti wa chini ya bahari wa SEACOM ulianza kazi ukiwa umetua Mombasa na Dar es Salaam. Nao, nitaje kwa kupita, unafuata wazo lilelile. Data hupita katika nyuzi za kioo, lakini vikuza mawimbi vilivyo chini ya bahari hulishwa umeme kutoka vituo vya pwani, kupitia kondakta ya shaba iliyomo ndani ya mkongo huohuo.

Intaneti ilipofika pwani ilibidi isambazwe mitaani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na redio ndogo zilizofungwa juu ya mapaa. Hapa mafundi wetu walikutana na ndugu mwingine wa familia hii. Redio nyingi za bei nafuu hutumia volti 24 zinazoingizwa kwa kisanduku ambacho mafundi hukiita tu «POE», yaani umeme kupitia Ethernet, kisichouliza lolote. Kinasukuma umeme katika waya tangu kinapochomekwa ukutani, awepo anayeuhitaji au asiwepo. Ni rahisi, na kimewafikishia intaneti watu wengi ambao wasingeipata, kwa hiyo sitakidharau. Lakini tundu lake moja lina umeme na lingine lina data tu, na atakayechomeka kompyuta katika tundu lisilo lake anaweza kuiua. Vifaa vya volti 24 na vile vya 802.3af vina plagi ya umbo moja, hivyo macho pekee hayatoshi. Fundi makini huandika alama juu ya kila kebo kabla ya kushuka kwenye ngazi.

Wakati huohuo, Ethernet ya gigabiti, iliyokamilishwa mwaka 1999, ilikuwa imeanza kutumia jozi zote nne kwa data. Hapakuwa tena na jozi ya bure. Hilo halikuzuia umeme, kwa sababu ile hila ya transfoma hufanya kazi hata juu ya jozi zinazobeba data. Likafuata swali la wazi: kwa nini umeme nao usitumie jozi zote nne? Cisco ilianza mapema mwaka 2011, kwa wati 60. Kamati ilichukua muda wake, na Septemba 2018 ikaidhinisha 802.3bt, inayoruhusu hadi wati 90 kwenye chanzo, ambapo wati 71.3 zina hakika ya kufika. Zinatosha skrini, taa za dari au kompyuta ndogo.

Wati nyingine 18.7, katika hali mbaya kabisa, hubaki ndani ya kebo zikiwa joto. Kebo moja iliyo peke yake hewani haitaathirika. Lakini nyaya za mtandao hufungwa pamoja, mara nyingi mia moja au zaidi katika fungu moja, na zile za katikati hazina pa kulitoa joto lake. Sheria ya umeme ya Marekani, katika toleo la mwaka 2017, iliongeza jedwali la kuonyesha mkondo unaoruhusiwa kulingana na unene wa waya, idadi ya kebo katika fungu na joto ambalo ganda lake linaweza kulihimili. Watu wa nyaya za mtandao, ambao kwa miaka mingi hawakuwa na haja ya kufikiria joto, walianza kupima mafungu yao.

Ukomo wenyewe haukuwekwa na kamati. Ili waya uendelee kuhesabiwa kuwa salama na ufungwe na fundi mtandao bila leseni ya umeme, volti zisivuke 60 na nguvu isivuke wati 100 kwa kila tundu. Faida yote iliyotafutwa tangu 1999, ya kufika darini bila bomba na bila kibali, ingepotea mara tu mipaka hiyo ikivukwa. Kamati ilisimama kwenye wati 90 na kuacha nafasi ndogo ya usalama.